Jumapili ya Jezi

Katika giza nilisikia kitu kinalia ssss, polepole, kama maji yanayomwagika juu ya makaa. Umeme ulikuwa umekatika tangu kabla jua halijazama, na maharagwe yangu yalikuwa nje kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nikatoka haraka kuyatazama. Yalikuwa yametulia, kifuniko hakitikisiki. Sauti ile ilitoka ndani, chumba cha mbele, pale anapolala mdogo wangu Kwizera.

"Kwizera, nini inalia hivyo?"

"Si kitu, Yaya. Ni balon. Niko natosha upepo." Kwetu dada mkubwa ndiye Yaya.

Niliwasha tochi ya simu. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, mpira ameubana kwa magoti, sindano ya pampu imechomekwa penye kitundu, upepo unatoka. Binti yangu Chance alikuwa ameweka shavu karibu na sindano ile, amefumba macho, anaonja upepo.

"Unatosha upepo juu ya nini?"

"Iingie mu mufuko. Kesho naipeleka kwa Kochi Gratien, ni ya timu. Kisha naenda Bwegera."

"Kufanya nini Bwegera?"

"Mupunga."

Alilitamka neno hilo kama mtu anayetaja ugonjwa aliokwisha kuukubali. Baba yetu analima mpunga Bwegera, ni kweli, lakini hakuwa amemwita mtu. Ni yeye mwenyewe aliyemleta Kwizera kwangu Uvira asome, na hapa ndipo mtoto alipokutana na basket, mpira wa kikapu. Tangu siku hiyo hata akitumwa chumvi anaenda akiruka kugusa vizingiti vya milango ya watu.

"Na Jumapili?" nikamwuliza.

"Jumapili batanitukana hata nisipokuwako. Hawana lazima ya kuniona."

Na alisema kweli.

Timu yetu inaitwa Mamba. Haina ofisi, haina basi, haina hata filimbi yake, inayo wasapota. Jezi ni mali ya wasapota, kwa sababu ndio waliozichangia, na kila jezi inafuliwa msimu mzima na nyumba moja. Ni marufuku kufua ya ndugu yako, tangu mwaka ule mama mmoja alipofua ya mwanawe kwa sabuni ya manukato na wenzake wote wakanuka visamaki vya sambaza. Basi mimi nafua ya Irakiza, kijana mpole aliyeshuka kutoka milima ya juu kuja kusoma, na jezi ya Kwizera, namba tisa, inafuliwa na Ma Noella, muuza mandazi. Msimu ukiisha, tunakutana Jumapili moja uwanjani. Kila mfuaji anasimama na jezi yake, anasema aliyoyaona, kisha anafanya moja kati ya mawili. Akimpa mchezaji mkononi, kijana anaendelea. Akiianika kwenye waya, msimu ujao itavaliwa na mwingine. Kochi hana neno. Nimefua nguo nyingi maishani mwangu, nepi na shuka za wagonjwa, na sijaona mahali pengine ambapo mtu akishafua nguo anapata haki ya kumhukumu aliyeivaa. Lakini ndivyo tulivyo.

Na mtaa mzima ulijua kwamba namba tisa itaanikwa. Ulijua kwa sababu ya mechi ya Baraka.

Ziwa lilipopanda liliingia katika nyumba za watu, na hayo si mambo ya kucheka. Liliingia pia uwanjani kwetu na kuchukua nusu. Kikapu kimoja kilibaki nchi kavu. Kingine kimesimama majini mpaka leo, wavuvi wanafungia mitumbwi yao kwenye mlingoti, na ndege weupe wanakaa juu ya ubao kama waamuzi. Vijana hawa wa sasa wamekulia kwenye ile nusu iliyobaki. Huko timu zote mbili zinalenga kikapu kimoja. Kwa hiyo adui akikosa na wewe ukauokota mpira, huwezi kutupa palepale. Sharti kwanza uutoe nje ya mstari wa chokaa, ndipo ugeuke na kushambulia. Wasapota wamekaa miaka kando ya mstari ule wakiwakumbusha watoto. Mpira ukiokotwa tu, wote kwa pamoja: toa inje, toa inje. Rémy, mume wangu, ambaye ndiye mpiga ngoma wa timu, anaipiga hata kwa ngoma. Tu-tu, tu-tu.

Rémy huyo, ukimwuliza kwa nini tulishinda, atakujibu kwamba ni ngoma. Ukimwuliza kwa nini tulishindwa, ni watoto.

Basi msimu huu Mamba walialikwa mjini Baraka. Uwanja mzima, vikapu viwili, mistari imepakwa rangi. Tulipanda kwenye gari la mizigo pamoja na ngoma, mabidoni ya maji na Papa Libérat, rais wa wasapota, tunayemwita Prezida, aliyekaa mbele karibu na dereva kwa sababu ya cheo na kwa sababu ya tumbo. Vijana walicheza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona. Mwishoni kabisa tulikuwa mbele kwa pointi moja. Baraka wakatupa, wakakosa, na Kwizera akaruka katikati ya watu wakubwa kuliko yeye akaunyakua mpira. Kazi ilikuwa imekwisha. Ilimbaki kuukumbatia tu.

Ndipo upande wetu wote ukapaza sauti: toa inje, toa inje. Na ngoma: tu-tu, tu-tu.

Kwizera akakimbia mpaka nje ya mstari, akageuka, akatupa. Sijaona mpira ukiingia kikapuni vizuri namna ile, haukugusa hata chuma. Kikapu kilikuwa chetu wenyewe. Mwamuzi akawapa Baraka pointi zao, watu wa Baraka wakaingia uwanjani wakambeba mtoto mabegani, na yeye kwa kitambo kidogo akafikiri wanambeba kwa nia njema.

Tangu siku hiyo hana jina. Anaitwa Balozi wa Baraka. Akipita kwa wauza samaki wa ndagala, wanamwuliza Baraka wameamkaje. Akienda kununua mandazi, Ma Noella anamwambia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara kwamba ya kwake yamehifadhiwa Baraka, aende akachukue kwa wazazi wake wapya. Na wasemaji wenyewe ni akina nani? Papa Libérat, ambaye akiinama kufunga kiatu anahitaji mtu wa kumwinua. Na Ma Noella, ambaye hajawahi kugusana na mpira ila siku ile ulipodondoka katika karai lake la mafuta.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitoka kwa ssss katika ule mpira.

Rémy alirudi umeme ukiwa haujarudi, nikapakua kwa mwanga wa kibatari. Alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kwenye mkutano.

"Mambo imekuwa nzuri," akasema akikata bugali. "Prezida amepata mutoto mu Runingu. Anaitwa Junior. Murefu, Mama Chance. Akisimama mu mulango, nyumba inakuwa giza."

"Anacheza?"

"Nimekwambia ni murefu."

"Nimeuliza kama anacheza."

"Murefu gani hachezi?"

"Nguzo ya umeme pia ni ndefu," nikasema, "na angalia tuko tunakula mu giza."

Chance akacheka, ingawa hakuelewa. Rémy hakucheka. Aliendelea kunieleza msimu ujao kama mtu aliyekwisha kuuona. Junior ataweka mikono juu na hakuna atakayepita. Tutachukua kombe la mkoa. Kutoka hapo ni Kinshasa, na Kinshasa kuna watu wa nje wanakuja kutazama vijana, na Prezida ameanza kuuliza pasipoti inatengenezwa wapi. Nilimwacha aende mpaka Ulaya. Aliporudi kutoka Ulaya kuchukua kipande kingine cha bugali, Kwizera akamwuliza:

"Shemeji, Junior atavaa namba ngapi?"

Rémy akaanza kutafuta kitu katika sahani yake, kana kwamba maharagwe yana miiba.

"Namba ni namba tu, bofrere. Ile yenye itakuwa huru."

Hapo nikaweka chini kijiko.

"Papa Chance, siku ya Baraka nani alisema atoe inje?"

"Atoe nini?"

"Balon. Ni nani alipiga kelele atoe inje?"

"Mambo gani hayo? Hakuna mwenye alisema."

"Weye ulisema. Na ngoma yako ilisema."

"Minye nilipiga ngoma ya kawaida."

"Hiyo kawaida yenu ndiyo ilimwangusha mutoto."

Rémy akatazama kibatari, akanitazama, akacheka kwa pua. "Gari muzima ya batu tulikuwa pale. Bote hatukusikia. Weye peke yako ulisikia."

"Hamungeweza kusikia. Mulikuwa munapiga kelele."

Lakini Kwizera akanishika mkono. "Yaya, acha. Niliisikia, ni kweli. Lakini miguu ni ya kwangu."

Alisema hivyo, akainuka, akaenda kunawa. Na mimi, niliyekuwa nimejiandaa kumtukana mume wangu mpaka maharagwe yapoe, nikaacha. Nilimfuata nje. Nikamwambia kitu kimoja tu: akiondoka kabla ya Jumapili watasema amekimbia, na neno hilo litamfuata Bwegera kwa miguu. Akae asikilize matusi amesimama. Siku ya pili yake, akitaka, nitamfungia nguo mwenyewe.

"Na kama Ma Noella ataianika?"

"Ataianika. Utakuwa umemwangalia macho."

Akafikiri. "Ma Noella ana macho mabaya."

"Ndiyo maana nataka umuangalie weye. Minye nimeshindwa."

Jumapili watu walifika wakitoka makanisani, Wakatoliki kwanza, kisha wale wa ibada ndefu. Irakiza alikuja wa mwisho, na Biblia bado mkononi, akiomba samahani kwa kila mtu. Waya ulikuwa umefungwa kutoka mlingoti wa kikapu mpaka ukuta wa Papa Libérat, na Papa Libérat mwenyewe alikuwa ameketi chini yake katika kiti cha plastiki, kama mtu anayesubiri nguo zake zikauke. Vijana walisimama mbele, vifua wazi, wanaona haya. Kandokando yao alisimama Junior wa Runingu. Kweli alikuwa mrefu. Alikuwa pia na viatu vya mtu mwingine na uso wa mtoto aliyepelekwa mahali bila kuulizwa.

Prezida akafungua kikao. Alisema msimu ulikuwa mubaya, lakini ujao utakuwa wa ajabu, kwa sababu wasapota wamejifunza. Hakusema wamejifunza nini. Kisha akawapitia vijana mmoja mmoja. Huyu anakimbia kama anatafuta choo. Huyu anapiga pasi kama anagawa sadaka, hataki kujua nani anapokea. Huyu ana mikono ya kushika ila siku ya mechi anaisahau kwao. Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Na vijana nao wakatabasamu, maana wamezoea. Mtoto wa Mamba hujifunza kutabasamu kabla hajajifunza kudunda mpira.

Zamu yangu ilifika. Nilisimama na jezi ya Irakiza, nikasema: "Hii jezi nimeifua kila juma. Ni ya jasho. Kuna jasho ya kukimbia na kuna jasho ya kukaa mu kiti. Ya kukimbia inatoka kwa maji baridi." Nikampa mkononi. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa sauti ndogo. Papa Libérat akajipangusa paji la uso, halafu akajuta kujipangusa.

Kisha Ma Noella. Alijitanda kitenge kipya kwa ajili ya kazi hiyo. Akaikunjua namba tisa mbele ya watu, akaigeuza nyuma na mbele kama mfanyabiashara wa mitumba.

"Munaiona?" akasema. "Matope ya Kavimvira ilikuwamo, nikaitosha. Mafuta ya gari ilikuwamo, nikaitosha. Lakini aibu ya Baraka, ndugu zangu, nimeweka sabuni, nimeweka ndimu, nimeweka majivu ya ndizi. Imekataa."

Kicheko kilienda mpaka majini, ndege wakaruka kutoka kwenye ubao wao. Kwizera alisimama akimtazama machoni, kama nilivyomwambia. Nilitamani niwe nimemwacha aende zake Bwegera.

Ma Noella akageuka kuelekea waya.

"Ma Noella, ngojea," nikasema. "Uulize kwanza nani alimwambia atoe inje."

"Nani alimwambia?"

"Ni sisi. Upande wetu wote. Tulizoea hapa, tukapeleka mazoea kule."

"Mama Chance," akasema Prezida kwa upole wa kuudhi, "dada akitetea kaka, hiyo haiko ushahidi. Hiyo ni damu."

"Na kama tulisema," mtu mmoja nyuma akadakia, "yeye hana akili yake?"

"Si munasema hatukusema?" nikamwuliza.

"Nimesema kama."

Wakaanza kuongea wote. Mwingine alisema walishangilia tu. Mwingine alisema waliopiga kelele ni watu wa Baraka, kwa hila. Rémy alikuwa amekaa juu ya ngoma yake, anatazama ziwa kama anayemngoja mtu kutoka upande wa Burundi. Ma Noella alikuwa ameshika jezi hewani, hajaianika, hajaishusha. Mpaka Kochi Gratien, ambaye siku hiyo kazi yake ni kunyamaza, akachoka kunyamaza. Akachukua mpira akawatupia vijana.

"Nyinyi muchezeni kidogo," akasema. "Bakubwa banaongea. Na yule Junior acheze, tumuone."

Neno la Junior liliwageuza wote. Mabishano yakakatika. Hicho ndicho walichokuja kukiona, matumaini yao yenye viatu vya kuazima, na wakasogea mpaka kwenye mstari wa chokaa wakisukumana. Vijana wakagawana, Junior upande huu, Kwizera upande ule. Mpira ukampata Junior chini ya kikapu kabisa, karibu kiasi cha kuuweka kwa mkono. Prezida akainuka kitini bila kuinuliwa na mtu. Junior akatupa. Mpira ukapiga mlingoti, si ubao, si chuma, mlingoti, ukarudi. Kwizera akaruka akaunyakua.

"Toa inje," wakasema wote. "Toa inje, toa inje."

Prezida alisema. Yule wa nyuma alisema. Ma Noella alisema kuliko wote, akipunga namba tisa juu ya kichwa chake. Na Rémy, Mungu amsamehe, mikono yake ilikwisha kushuka kati ya magoti na ngoma ikalia: tu-tu, tu-tu.

Kwizera hakwenda popote. Alisimama chini ya kikapu, mpira kifuani, akawageukia.

"Nitoe mpaka wapi, Prezida?" akauliza.

Hakuuliza kwa dharau. Dharau ilikuwa yangu mimi, nilikuwa nayo ya kutosha kwa watu wote. Yeye aliuliza kama mtu anayetaka kujua njia.

Sauti yao wenyewe ilikuwa bado inaning'inia pale mbele yao, kila mmoja anaiona, na hakuna aliyeweza kusema ni ya jirani. Papa Libérat akakohoa. "Lakini hapa iko sawa," akaanza. "Hapa ni nusu ya kiwanja, hapa lazima mutu—" Kisha akasikia anachokisema, akaketi.

Rémy alitoa mikono juu ya ngoma, akaiweka mapajani, kama mtoto aliyekatazwa kugusa chakula.

Ma Noella ndiye nilikuwa namtazama. Juma zima baada ya Baraka mwanamke huyu aliuza mandazi kwa vidole, moja, mbili, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Alituambia ni vumbi la barabara, tukampa pole na asali. Sasa alikuwa ameshika koo lake kwa mkono mmoja, na jezi kwa mkono mwingine, na uso wake ulikuwa unahesabu kelele zake za Baraka. Watu walimngoja. Ukitaka kujua wasapota wa Mamba ni watu gani, jua hili: hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kumsaidia.

Akavuka mstari wa chokaa. Mimi nilifikiri anakwenda kwenye waya. Akaupita waya, akafika chini ya kikapu, akamsukumia Kwizera jezi kifuani, juu ya mpira.

"Kamata," akasema. "Na usinitazame hivyo. Umekonda kama ufito, ndiyo maana balon inakupeleka. Utakuja kwangu kila asubuhi ule mandazi, na usiniambie uko shiba."

Hilo ndilo lilikuwa ombi la msamaha. Wengine mtalidharau. Mimi namjua Ma Noella, hajawahi kutoa andazi la bure tangu azaliwe.

Kwizera hakuipokea. Mikono ilibaki kwenye mpira. Nikakumbuka kwamba uamuzi haukuwa wa Ma Noella peke yake. Kijana huyu alikuwa na mfuko tayari nyumbani, nguo zimekunjwa. Akamtazama Junior.

"Na yeye?"

"Minye?" Junior akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tunamsikia. "Minye nilitaka tu kuona Uvira."

Watu wakacheka, lakini cheko la kujificha. Kwizera naye akacheka kidogo. Halafu akamgeukia Kochi Gratien.

"Kochi, ile shule ya juu kule mulimani iko na vikapu viwili?"

"Viwili. Lakini kupanda kule ni kazi."

"Tukipanda asubuhi mbele ya masomo, batatukubalia?"

"Nitabauliza."

"Uulize," akasema Kwizera. "Nataka nizoee kukimbia kwenda mbali."

Akampa Irakiza mpira, akachukua jezi, akaivaa palepale. Ilikuwa imefupika kwa maji ya moto ya Ma Noella na namba tisa ilikuwa imechujuka, inahitaji imani kuisoma. Mimi nilijifanya kumfunga Chance kiatu. Chance alikuwa amevaa ndala.

Na sasa sikilizeni wasapota wa Mamba. Jezi haijafika kiunoni, Papa Libérat amesimama tena. Alikuwa daima akisema, akasema, kwamba mutoto huyu ana kitu. Hata kule Baraka, mumekumbuka ule mpira ulivyoingia? Haukugusa chuma. Yule wa nyuma akasema ndiyo, haukugusa chuma, mutoto mwenye anatupa vile akiwa na woga, akiwa bila woga itakuwaje? Msimu ujao Baraka watalia. Mkoa ni wetu. Rémy, mume wangu, baba wa mtoto wangu, ambaye juzi alikuwa anatafuta miiba katika maharagwe, akamshika Kwizera bega mbele ya watu na kusema kwamba yeye anakaa naye nyumba moja, anamjua, huyu ni wa Kinshasa moja kwa moja. Mtu akauliza pasipoti. Prezida akajibu kwamba ameshaanza kuulizia, ni kubadilisha jina tu. Na Ma Noella, mkono bado kooni, akaongeza kwamba huko Ulaya kuna baridi, itabidi kijana apelekewe kitenge kizito.

Niliwasikiliza na midomo ikanipinda. Watu hawa asubuhi walikuja kuzika, na sasa wanacheza harusi, na katikati hapo hawakupita penye kuomba radhi. Lakini nikiwaambia ninyi ukweli, nilimtazama mdogo wangu katika ile jezi fupi, nikaanza na mimi, kimoyomoyo, kumwona anashuka katika ndege.

Chance alikuwa amenishika kitenge, anawatazama wakubwa mmoja baada ya mwingine kadiri walivyokuwa wakisema. Wakanyamaza kidogo kuvuta pumzi, naye, akimwonyesha mjomba wake kwa kidole, akasema kwa sauti:

"Lakini Tonton bado hajacheza."